Ile Hela Itume kwa Namba Hii

Leo tuusome pamoja ujumbe mmoja mfupi ambao, kama una laini ya simu Tanzania, bila shaka umeshaupata na kuufuta. Unasema: "Hiyo hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja," halafu linafuata jina la mtu. Basi, umeisha. Hauna salamu, hauna kiasi, hauna jina la aliyeuandika. Wengi tunaucheka. Wengine humjibu tapeli matusi, au humwambia atume kwanza nauli ya kufika kwa wakala. Mimi nadhani aliyeutunga ujumbe huu anatufahamu kuliko tunavyopenda kukiri, na tukielewa unavyofanya kazi tutakuwa tumeelewa sehemu kubwa ya utapeli wa mtandaoni, hata ule unaokuja kwa barua pepe yenye nembo ya benki na Kiingereza kilichonyooka.

Tuanze na kiasi. Tapeli hakukitaja kwa sababu hakijui. Hajui kama unadaiwa, wala hajui nani anakudai. Anatupa ujumbe wake kama juya, kwa maelfu ya namba, nyingi zikiwa zimefuatana tu. Katika maelfu hayo, mwisho wa mwezi, hakosekani mpangaji ambaye muda si mrefu alikuwa anaongea na mwenye nyumba kuhusu kodi. Hakosekani mzazi aliyeambiwa na mwanawe aliye bweni kwamba hela ya mtihani inatakiwa leo. Hakosekani mfanyabiashara wa Kariakoo anayesubiri kupewa namba ya kumlipia mwenye mzigo. Kwa watu hao ujumbe umeingia katikati ya mazungumzo ambayo tayari yalikuwa yanaendelea. Kiasi wanakijua wenyewe, na mdai wanamjua wenyewe. Tapeli kaacha nafasi wazi, wao wakaijaza.

Sasa tuje kwenye lile jina, maana hapo ndipo penye ufundi. Watoa huduma wa pesa za simu walituwekea kinga nzuri sana: kabla hujaingiza namba ya siri, simu inakuonyesha jina la unayemtumia. Ukiona jina geni unasitisha. Kinga hii imewaokoa wengi waliokosea tarakimu moja tu. Lakini tapeli ameshakuambia mapema kwamba jina litakuja la mtu mwingine. Hivyo unapoliona jina ambalo si la mwenye nyumba wako, unatulia. Naam, ndilo lile aliloniambia. Kilichowekwa ili ushtuke kinageuka kuwa ndicho kinachokutoa wasiwasi, na unaingiza namba ya siri ukiwa na amani kabisa.

Na jina lenyewe ni la nani? Swali hili naliuliza kwa sababu tuliambiwa, na ni kweli, kwamba kila laini ya raia Tanzania imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Mnakumbuka foleni za NIDA, mamlaka ya vitambulisho, mwishoni mwa 2019, na ile tarehe 20 Januari 2020 ambapo laini zisizosajiliwa upya zilianza kuzimwa. Watu wakauliza: kama kila laini ina kidole cha mtu, tapeli anajificha wapi?

Anajificha nyuma ya kidole cha mwingine. Tazama inavyokuwa. Siku ya gulio, pembeni ya stendi, amekaa kijana chini ya mwamvuli wenye rangi za kampuni ya simu. Anakuja bibi aliyepoteza laini yake. Anataja namba ya kitambulisho, kijana anaiandika, anamwambia: "Bibi, weka kidole hapa." Bibi anaweka. Kijana anatazama kioo, anakunja uso. "Haijasoma, bibi. Kifute kwenye kanga, uweke tena." Bibi anafuta, anaweka. "Bado. Hebu kile kingine." Bibi anaona aibu kidogo, vidole vya mkulima vimechakaa kwa jembe, na mashine kweli huwa zinasumbua. Anaondoka na laini yake moja, anashukuru. Huku nyuma, kile kidole cha pili kimesajili laini ya pili, na hiyo ya pili inauzwa kwa mtu ambaye bibi hatamwona maisha yake yote. Baada ya muda, mpangaji wa Mwanza anaambiwa jina litakuja la bibi yule. Polisi wakianza kufuatilia, mlango wa kwanza wanaoubisha ni wake.

Wasajili wengi ni vijana wanaohangaikia kamisheni ndogo juani, na sitaki kuwapaka matope wote. Lakini ukiambiwa kidole hakijasoma, una haki ya kuuliza kwa nini, na una haki ya kutazama kioo. Kisha ukifika nyumbani piga *106#, fuata menyu, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni husika iondolewe. Kenya, kwa wateja wa Safaricom, ni *106# hiyohiyo. Ningekuwa na uwezo ningeomba jambo hili lifanywe na kila kijana kwenye simu ya bibi na babu yake sikukuu zinapokuja, kabla nyama haijaiva.

Wengine hudhani tapeli anatambulika kwa mkoa wake. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimekuwa zikiitaja mara kwa mara mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa juu katika majaribio ya ulaghai wa simu. Kenya nao wana mji mdogo wa Mulot, kwenye mpaka wa kaunti za Bomet na Narok, ambao jina lake limekuwa utani wa taifa zima kwa utapeli wa simu. Utani huu una hasara yake. Mtu anajiona yuko salama kwa kuwa aliyempigia ana lafudhi ya kwao, si ya huko.

Nije kwenye simu yenyewe sasa, ile ya kupigiwa. Tuchukue mfano wa mama mmoja, tumwite Mama Neema, muuza vitenge. Simu inaita.

"Shikamoo, mama."

Huyu ndiye tapeli, na ameanza na shikamoo.

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani kwa usumbufu, mama. Napiga kutoka makao makuu, kitengo cha usajili. Laini yako inaonekana haijahakikiwa, na mfumo unazifunga leo saa kumi. Uko sehemu tulivu, mama? Naomba usikate simu, maana ukikata inajifunga yenyewe."

Ana sauti ya upole. Nyuma yake kunasikika watu wengine wakiongea, kama ofisini. Anamwuliza, kwa ajili ya uhakiki, salio lake la mwisho lilikuwa kiasi gani, na Mama Neema anataja. Anamwambia aweke simu kwenye spika, abonyeze nyota mia moja hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Menyu inafunguka. "Hayo maandishi usihangaike kuyasoma, mama, ni ya kwetu huku. Weka mbili." Sasa wapo kwenye kutoa pesa. "Ingiza namba ya ofisi." Hiyo ni namba ya wakala. "Sasa ingiza namba ya uhakiki: mbili, nane, tano, sifuri, sifuri, sifuri." Mama Neema anaingiza tarakimu moja baada ya nyingine, na hakuna mahali alipotamka shilingi laki mbili na elfu themanini na tano. Halafu linakuja hili, ambalo mimi huwa linanisimamisha kila nikilisikia likisimuliwa: "Sasa, mama, ingiza namba yako ya siri. Usinitajie! Hata mimi usinitajie, namba ya siri ni ya kwako peke yako."

Unaona, msikilizaji? Kwa miaka mingi, tangu pesa za simu zilipoingia Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka uliofuata, matangazo yametufundisha tusimpe mtu namba ya siri. Somo limeeleweka. Mama Neema analijua, analitii, na tapeli anamsaidia kulitii. Namba ya siri haijatoka mdomoni mwake, na hela imekwenda. Hata akilalamika, mfumo utaonyesha kwamba muamala ulifanywa kwenye simu yake, kwa mkono wake, kwa namba yake ya siri. Mitambo yote ilifanya kazi kama ilivyoundwa.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaosema tatizo ni kwamba watu wetu hawajui teknolojia. Mama Neema alipungukiwa ruhusa ya kumkatia simu mtu aliyemwamkia. Tumelelewa hivyo, na ni malezi mazuri. Mtu akikusalimu kwa heshima unamsikiliza mpaka mwisho. Anayejitambulisha kwamba anatoka ofisini humwulizi kitambulisho kama askari. Mwenye nyumba akisema tuma, unatuma, humpigii kumwuliza kama kweli ni yeye, utaonekana unakwepa kodi. Tapeli anaingilia hapohapo, kwenye adabu yetu na kwenye haraka anayotutengenezea, na hakuna programu unayoweza kupakua ikaziba pengo hilo.

Kinachoweza kuliziba ni makubaliano ya watu. Mwambie mama yako waziwazi: akikupigia mtu yeyote kuhusu simu yako, laini yako au hela yako, kata. Usimuage, usimwombe radhi, kata tu, kisha nipigie mimi, au piga mwenyewe 100. Kwa hapa Tanzania mamlaka imesema namba rasmi ya huduma kwa wateja ni 100, kwa hiyo anayejiita mfanyakazi wa kampuni huku amepiga kwa namba ya kawaida ya 07 au 06 hastahili hata kuitikiwa marahaba. Na ile kauli ya "usikate, itajifunga" ichukulie kinyume chake, kwamba ndiyo ishara yako ya kukata. Laini haifungwi kwa kukata simu. Hakuna mfumo wa namna hiyo duniani.

Makubaliano mengine ni ya ndani ya familia na ya ndani ya vikundi. Ombi la hela lililokuja kwa maandishi halitekelezwi mpaka sauti isikike, tena kwa kupiga wewe, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usiitumie ile iliyoandikwa kwenye ujumbe. Atakuwepo mjomba wa kununa. Atasema, "Yaani siku hizi mnanihakiki mimi?" Mwache anune. Mjomba akishapoteza simu yake siku moja, akaona wapwa zake wote wanavyoombwa laki laki kwa jina lake, atakuwa wa kwanza kudai ahakikiwe.

Vikundi vya WhatsApp ndivyo vinavyonitia hofu zaidi, na hasa kamati za harusi. Nani asiyezijua? Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na orodha inayobandikwa upya kila jioni: fulani ameahidi, fulani amepunguza, fulani amemaliza. Hela inamiminika kwa wiki kadhaa kwenda kwa mtu mmoja. Sasa mweka hazina anapata ujumbe kutoka kwa rafiki yake: "Samahani, kuna namba sita zimekuja kwako kwa bahati mbaya, nirushie." Anatazama, kweli, zimekuja tarakimu sita. Anazirusha. Zile tarakimu zilikuwa ufunguo wa WhatsApp yake mwenyewe. Rafiki aliyeziomba naye alishaibiwa akaunti siku iliyotangulia kwa njia hiyohiyo. Dakika chache baadaye, kwenye kundi la kamati, kwa picha ileile ya mweka hazina akiwa na shada la maua, unatokea ujumbe: "Wapendwa, laini yangu ya michango imefikia kikomo cha leo, tumieni hii kwa muda, jina litakuja..." Tumerudi palepale. Na wachangiaji wanatuma, tena wanabandika na uthibitisho kundini ili wengine waone na kuhamasika.

Kwa hili kuna kinga ya kwenye simu na ni ya bure. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, upande wa akaunti, utakuta uthibitishaji wa hatua mbili. Unaweka namba ya siri ya pili uliyoichagua mwenyewe, na mwizi akipata zile tarakimu sita bado atakwama. Inachukua muda mfupi kuliko kusoma orodha ya michango. Tarakimu zenyewe, za WhatsApp, za benki, za chochote, hazirushwi kwa mtu, hata akisema zimekuja kwa bahati mbaya. Na kamati ikae kikao chake cha kwanza ikubaliane kwamba namba ya michango haibadiliki kwa maandishi. Ikibidi ibadilike, mwenyekiti na katibu wampigie mweka hazina, wamsikie, ndipo watangaze.

Wapo watakaosema haya ni ya watu wa vikundi na vitenge, kwamba msomi haingii. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa idara ya fedha wa Arup, kampuni ya wahandisi ya Uingereza, katika ofisi ya Hong Kong, alihamisha jumla ya kama dola za Hong Kong milioni 200, karibu dola za Marekani milioni 25, baada ya kikao cha video. Mwanzoni alipopata ujumbe kutoka kwa aliyejiita mkuu wa fedha alitilia shaka. Kisha akaitwa kwenye kikao, akawaona wakubwa na wenzake wakiongea, shaka ikaondoka. Nyuso zote zile na sauti zile zilikuwa zimetengenezwa kwa kompyuta. Ukiondoa mitambo, kilichobaki ni Mama Neema mtupu: mkubwa amesema, jambo ni la siri, linatakiwa sasa, na mtu mwenye adabu zake hamwulizi mkubwa maswali mbele ya watu. Angenyanyua simu akampigia mkuu wake kwa namba ya kawaida ya ofisi, kisa kingeishia hapo.

Sauti za kutengeneza zinatuhusu na sisi, kwa sababu siku hizi sauti zetu zimetapakaa kwenye ujumbe wa sauti na video za sherehe. Ndiyo maana nasema familia iwe na swali lake. Liwe la kawaida tu, ambalo jibu lake haliko Facebook. Kijana akipiga analia kwamba amekamatwa, anahitaji hela ya dhamana sasa hivi, mwulize yule mbuzi aliyekula shuka la shangazi alikuwa wa nani. Mwanao atakasirika, lakini atajibu.

Viungo nitavipitia haraka. Unapopata ujumbe wenye anwani ya kubonyeza, tafuta mkwaju, ule mstari ulioinama, wa kwanza ulio peke yake baada ya ile miwili ya mwanzoni, kisha soma kurudi kushoto. Maneno yaliyo jirani kabisa na mkwaju huo ndiyo yanayomtaja mwenye anwani. Jina la benki yako likiwa mwanzoni, halafu ikaja nukta, likafuata neno kama zawadi au ofa, ndipo nukta na com, ujue mwenye anwani ni hiyo zawadi, na jina la benki limebandikwa tu. Taasisi za serikali ya Tanzania hutumia anwani inayoishia na go.tz, na Kenya go.ke, kwa hiyo tangazo la ajira serikalini lenye anwani ya namna nyingine lipite, na lile linalodai ada ya fomu ndiyo kabisa. Programu uliyotumiwa kwa WhatsApp usiipakie kwenye simu. Ujumbe unaosema umeshinda bando lakini kwanza usambaze kwa watu ishirini, umekuajiri kazi ya kutapeli rafiki zako bila mshahara.

Na kuna wanaoajiriwa kweli, kwa lazima. Mapema mwaka 2025 maelfu ya watu walitolewa kwenye makambi ya utapeli huko Myawaddy, Myanmar, mpakani na Thailand. Miongoni mwao walikuwamo Wakenya, Waganda na Waethiopia. Walikuwa vijana walioona tangazo la kazi nzuri Thailand, wakalipa nauli kwa mikopo ya nyumbani, wakafika wakanyang'anywa pasi, wakakalishwa mbele ya kompyuta kuwatongoza watu wa mbali mpaka watoe akiba zao. Asiyefikisha kiwango alipigwa. Kwa hiyo yule mchumba mzuri wa mtandaoni anayekuelekeza namna ya kuwekeza, anayekuandikia usiku wa manane kwa subira ya ajabu, huenda ni kijana wa Kampala mwenye mlinzi nyuma ya kiti chake.

Kuna kauli moja nataka kuipinga kabla hatujaagana, nayo ni ile ya kwamba anayetapeliwa ameponzwa na tamaa. Wapo walioponzwa nayo, sikatai. Mradi wa upatu wa DECI ulipoanguka mwaka 2009, fedha zilikuwa zinaitwa mbegu na watu walikuwa wanangoja mavuno. Mapema 2025 kulikuwa na LBL, ambako watu waliambiwa watalipwa kwa kutazama vipande vya filamu kwenye simu. Pale tamaa ilikuwepo, ingawa hata pale wengi waliingizwa na ndugu waliowaamini. Lakini mpangaji aliyetuma kodi alikuwa na tamaa gani? Mzazi aliyetuma hela ya mtihani? Mchangiaji wa harusi? Hao walikuwa wanatimiza wajibu, tena kwa wakati. Tukiendelea kuwacheka, watanyamaza, na ukimya wao una faida kwa mtu mmoja tu, kwa sababu kila saa wanayokaa kimya ni saa ya namba ile kuendelea kufanya kazi.

Maana muda ndio kila kitu hapa. Mwizi wa Mama Neema amemwelekeza kutoa kupitia wakala kwa sababu mwenzake ameshasimama dirishani pale, mkono nje. Ukigundua, usianze kumpigia mume, wala kumtukana tapeli. Piga 100 kwanza, waombe wazuie hela iliyofika upande wa pili kama bado ipo. Kenya, ukiwa umetuma kimakosa kwa M-Pesa, unausambaza ule ujumbe wa muamala kwenda 456, na ujumbe wa kitapeli unautuma 333. Hapa kwetu ujumbe wa kitapeli unautuma kama ulivyo kwenda 15040, utaulizwa namba iliyokutumia, unaiandika. Fanya hivyo hata kama hukuibiwa. Na ukipokea ujumbe kwamba umeingiziwa hela kimakosa, huku mtu anapiga akilia urudishe, usiamini ujumbe, angalia salio lako kwenye menyu. Kama hela kweli ipo, mwambie awapigie 100 wairudishe wao. Asiye tapeli atakubali.

Kisha nenda polisi. Utapeli huu ni kosa la jinai, na tangu 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kampuni ya simu haitakutajia wewe mwenye ile namba wala ilikotumika, lakini polisi wenye kesi mkononi wanaweza kuuliza wakajibiwa. Kwa hiyo hakikisha malalamiko yameandikwa na umepewa namba ya RB, ile ya kumbukumbu ya polisi. Uwe umeandika saa ya simu, namba iliyopiga na kumbukumbu namba ya muamala. Na zile jumbe usizifute, hata zile ambazo wewe mwenyewe ulijibu "sawa, nimetuma."